Orrin Fifield Amrudisha Ndugu Yake Nyumbani

Zamani hospitali ya vichaa ya kando ya mto ilikuwa na ng'ombe wa maziwa, mashamba ya viazi na milango iliyoachwa wazi mchana kutwa. Siku hizi ina uzio wa nyaya za wembe, na ndani yake wanawekwa wanaume waliokwisha kumaliza vifungo vyao vya jela, wala hakuna anayewaambia watatoka lini.

Orrin Fifield aliijua tangu enzi za ng'ombe. Alipokuwa mtoto, baba yake alikuwa akienda naye kuazima fahali wa hospitali, na wagonjwa waliovaa kofia za majani walikuwa wakiwafungulia geti na kuwauliza habari za mvua. Sasa, mzee wa miaka sabini na tisa, alikuwa akienda huko kila Jumapili, anavua mkanda getini, anatoa funguo mfukoni, ananyoosha mikono apapaswe na kijana anayetafuna pipi mdomoni, ndipo anaruhusiwa kumwona mdogo wake, Lyle.

Shule Orrin aliiacha mapema, baba yake alipovunjika mguu na ng'ombe wakabaki bila wa kuwakamua. Lakini hakuwa mjinga. Maktaba ya mji ilikuwa wazi siku mbili kwa wiki, na yeye alizimaliza rafu zake kama mtu anayekata shamba la nyasi, mstari baada ya mstari: historia, sheria, magonjwa ya mifugo, safari za ncha ya dunia. Aliwahi kuwa na ng'ombe hamsini. Bei ya maziwa ilipoanguka aliwauza wote asubuhi moja, na tangu siku hiyo zizi lilibaki likinuka vumbi tu. Mkewe, Iva, alifariki. Majirani wa zamani walikufa au walihamia kusini kwenye joto, nyumba zao zikanunuliwa na watu wasiojua kukuita kwa jina mkikutana dukani. Orrin aliwachukia kidogo watu hao, na hakuona haya.

Lyle alikuwa mwingine kabisa. Mcheshi, mwenye sauti ya kuimba, dereva wa lori la maziwa. Barabara nzima ilimpenda. Na kwa kuwa walimpenda, hawakumchunga, naye akawaharibia utoto wasichana wawili wa barabara ile ile. Hayo yalijulikana mahakamani, yeye mwenyewe hakuyakana. Alifungwa. Mmoja wa wasichana wale, Janelle Premo, sasa ni mwanamke mzima na anauza chakula cha mifugo mjini. Siku moja, Orrin akiwa ameinamisha macho mbele ya meza yake kama kawaida, Janelle alimwambia:

"Inua uso, Orrin. Sina neno na wewe. Ila usije ukaniomba nimhurumie."

"Sijakuomba."

"Macho yako yanaomba. Kila ukija hapa yanaomba. Chukua mfuko wako uende."

Orrin aliuchukua mfuko wake akaenda.

Kifungo cha Lyle kilipoisha, Orrin alipaka rangi chumba cha juu na kununua godoro. Lakini sheria ya jimbo ina mlango wake wa pili. Mtu wa makosa kama yale anaweza kupelekwa tena mbele ya baraza la raia, madaktari wakasimama pande mbili wakabishana kuhusu ubongo wake, na baraza likiona ana kasoro inayomfanya ashindwe kujizuia, hatoki. Anapelekwa kutibiwa. Kifungo kina tarehe ya mwisho, tiba haina. Basi lililomtoa Lyle jela lilipita njia panda ya kwao, likaenda moja kwa moja hospitali ya kando ya mto.

Kwa miaka mingi Orrin aliiona tiba ile kuwa upuuzi wa watu waliosoma. Wanaume wazima wamekaa duara kwenye viti vya plastiki, kila mmoja anasimulia uovu wake, msichana mwenye shahada anaandika. Kisha wanafungwa nyaya za mashine ya kupima uongo.

"Wanakufundisha nini humo?" aliwahi kumuuliza Lyle. "Kusema?"

"Kusema kweli, kaka."

"Kweli si uliisema mahakamani?"

"Niliisema nikasema ni pombe. Nikasema ni upweke. Haikuwa pombe, wala upweke." Lyle alikuwa amezeeka humo ndani, ameota kitambi cha mikate ya serikali, ile sauti ya kuimba imekauka. "Nilikuwa nachagua. Napanga wiki nzima huku nawachekesha mama zao. Ukija hapa usiniambie mimi ni mgonjwa, wala usiniambie nimepona. Huyu jamaa pale," akaonyesha kwa kidevu mzee aliyekuwa akicheza karata peke yake, "amepona mara nne."

Orrin alicheka. Halafu hakulala vizuri siku kadhaa, maana ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mdogo wake akisema jambo lisilopambwa.

Mwishowe madaktari wa pande zote mbili walikubaliana: Lyle anaweza kuishi nje, chini ya uangalizi mkali. Kikuku cha kumfuatilia mguuni usiku na mchana. Kikundi cha tiba kila wiki. Hapana pombe, hapana intaneti, hapana silaha ndani ya nyumba, hapana mtoto karibu. Lakini lazima pawe na nyumba itakayokubaliwa. Mjini hapakuwa na chumba cha kumpangisha mtu kama huyo. Huku shule, kule kiwanja cha michezo, kwingine mwenye nyumba anakata simu. Bila nyumba angebaki ndani. Lilikuwa jambo la Orrin peke yake: aseme ndiyo, au mdogo wake afie kando ya mto.

Binti yake, Noreen, alikuja kabla hajasema. Alikuja bila Tess, mtoto wake wa miaka tisa, ambaye kila Jumamosi alishinda kwa babu yake akipanda juu ya matrekta yasiyowaka.

"Baba, usifanye hivyo."

"Hana pa kwenda."

"Hana pa kwenda kwa sababu gani? Kuna mtu alimtuma?"

"Ni ndugu yangu, Noreen."

"Na mimi ni nani? Tess ni nani?" Alikuwa amesimama na koti lake, hakutaka kuketi. "Mimi nilikaa mapajani pake nikiwa mdogo. Unajua ninavyoishi? Kila siku najiuliza kwa nini wale na si mimi. Sijapata jibu. Akiingia yeye nyumba hii, Tess haingii. Si Jumamosi, si Krismasi."

"Utatulia."

"Sitatulia."

Orrin aliamini atatulia. Watu wa ukoo wao walikuwa wakinuniana mwaka mzima juu ya mpaka wa shamba, kisha mtu analeta keki ya tufaha, yanakwisha. Akasema ndiyo.

Afisa wa uangalizi, jina lake Bouchey, alikuja kukagua. Alikuwa mnene, mpole, mwenye mafua yasiyoisha. Alihesabu milango, akatazama chini ya vitanda, akaomba bunduki ya kuwindia paa iondolewe. Kisha wakatembea uani mpaka ukuta wa mawe uliojengwa na babu yake Orrin.

"Mpaka wake ni hapa," alisema Bouchey. "Akivuka ukuta huu kuingia msituni, kikuku kitapiga kelele ofisini. Na hiki kibanda?"

"Cha kupikia shira."

"Kinatumika?"

"Mwezi wa tatu, utomvu wa miti ya maple ukianza kutiririka. Siku hizi nachemsha kidogo, ya kulia mkate."

"Watu huja?"

Orrin alitema mate kwenye nyasi. "Zamani walikuja. Mvuke ukionekana juu ya paa, huhitaji kumwita mtu. Wanakuja tu, na donati, na achari ya matango, na watoto wao, unawamwagia shira ya moto juu ya theluji wanaila kama pipi. Sasa nani aje? Wamekufa. Waliobaki wana televisheni. Miaka mingi hajaja hata paka."

"Basi sawa," Bouchey akasema, akapenga kamasi.

Lyle alirudi vuli ile majani yakiwa yamekwisha kudondoka. Karatasi zenye picha yake zilibandikwa posta na dukani. Mtu alirusha rangi kwenye sanduku la barua. Kanisani, ambako Orrin alienda peke yake, benchi lake lilibaki tupu pande zote mbili, na mchungaji aliyempa mkono mlangoni aliuvuta haraka kama ameshika jiko. Orrin alivumilia kwa kiburi. Nyumbani, Lyle aliosha vyombo, akapasua kuni, akachaji kikuku chake jikoni akiwa amekaa kando ya ukuta kama ng'ombe aliyefungwa, maana waya wa chaji ulikuwa mfupi.

"Piga kelele basi kama ng'ombe," Orrin alimtania.

"Nikipiga kelele Bouchey atakuja kunikamua."

Walicheka mpaka Orrin akashika mbavu. Ilikuwa nyumba yenye wanaume wawili wazee na chakula cha moto, na kwa Orrin hiyo ilitosha. Jumamosi tu ndizo zilikuwa ndefu. Alimpigia simu Noreen; Noreen alipokea, akajibu habari za afya, akasema ana kazi.

Mwezi wa tatu ukafika. Usiku baridi kali, mchana jua, na utomvu ukaanza kudondoka kwenye ndoo. Lyle ndiye aliyekuwa fundi wa shira wa familia. Alijua imeiva kwa kutazama povu tu. Orrin hakukusudia kuchemsha nyingi. Lakini alipomwona mdogo wake kibandani ameinamia karai, uso mwekundu kwa moto, akionja kwa kijiko cha mbao na kusema "bado, bado," alijisahau. Walitia kuni. Walijaza karai tena. Matundu ya paa yalifunguliwa na mvuke ukapanda mweupe, mnene, ukasimama juu ya barabara ukionekana toka mbali.

"Mama angekuwa hapa," Lyle alisema, "angekwisha kutukaripia kwamba tunaunguza."

"Huunguzi?"

"Mimi? Kaka, hata jela walinipa jiko."

Ndipo mlango wa mbele ukasukumwa, na sauti ikaita: "Hodi! Tumeona mvuke!"

Alikuwa bwana aitwaye Garrett Sowa, mgeni wa barabara ile, aliyenunua nyumba ya marehemu Haskin majira ya baridi, baada ya karatasi za posta kufunikwa na matangazo mengine. Alikuwa ametoka mji mkubwa akitafuta maisha ya kizamani. Mwuza duka alikuwa amemwambia desturi: ukiona mvuke, nenda, huhitaji kualikwa, peleka donati. Alikuwa na donati. Na nyuma yake, wakiwa na buti za mpira na mashavu mekundu, walikuwa watoto wake wawili wa kike.

"Samahani kama tunaingilia," alisema Sowa akitabasamu. "Wasichana hawajawahi kuona. Wewe ndiye Mzee Orrin?"

Muda wa pumzi moja, jambo ambalo Orrin alikuwa amelililia miaka yote lilisimama mlangoni pake, na donati mkononi. Moyo wake uliruka kwa furaha kabla akili haijafika. Halafu akageuka.

Lyle alikuwa amekwisha kuweka kijiko chini. Alifunzwa hospitali: mtoto akitokea, ondoka papo hapo, kisha piga simu kwa afisa. Simu yake ilikuwa mfukoni mwa koti, na koti lilikuwa limetundikwa kwenye msumari kando ya mlango wa mbele, juu ya kichwa cha mtoto mdogo. Njia ya kwenda nyumbani ilipita hapo hapo. Alifungua mlango wa nyuma, ule unaotazama ukuta wa mawe, akatoka na shati tu.

"Mbona yule bwana ameondoka?" aliuliza mtoto mkubwa.

"Lyle!" Orrin aliita. "Lyle, kaa hapo hapo!"

Lakini nyuma ya kibanda hapakuwa na pa kukaa. Ukuta ulikuwa hatua chache tu, na dirisha la kibanda lilitazama kote. Lyle alivuka ukuta akaingia msituni.

Sowa alimtazama Orrin, kisha koti, kisha mlango uliokuwa ukibembea. "Kuna nini? Ni nani yule?"

Orrin alimwambia. Hakujua kusema vingine. Uso wa Sowa ulibadilika rangi. Aliwashika wasichana wake kwa mikono yote miwili, donati zikaanguka sakafuni.

"Na unawasha moto? Unawasha moto, mvuke unaita watu, na huyo yumo ndani?"

"Hakuna anayekuja," alisema Orrin. "Hakuna aliyekuja miaka mingi."

"Mimi nimekuja!"

Polisi walimkuta Lyle amekaa juu ya gogo, hajafika mbali, mikono kwapani, midomo ya buluu. Bouchey mwenyewe ndiye aliyemvisha koti. Alisema kimya kimya kwamba anaelewa. Kisha akamfunga pingu, kwa sababu kikuku kilikuwa kimekwisha kupiga kelele, na kuelewa hakuzimi kelele hizo. Nyuma yao karai liliungua. Shira iliganda nyeusi kama lami.

Kesi ilisikilizwa mwezi wa nne, matope yakiwa kila mahali. Wakili wa Lyle alieleza vizuri: mteja wake aliwakimbia watoto, hakuwakimbilia, alifanya alilofundishwa, na ukuta ulikuwa njiani. Bouchey alithibitisha. Jaji, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alionekana kusikiliza. Alimtazama Lyle mara mbili kama anayepima. Orrin akaanza kutumaini. Alikuwa amevaa suti aliyovaa kwenye mazishi ya Iva. Nyuma kabisa, karibu na mlango, aliketi Noreen, na Orrin hakujua amekuja kwa nini.

Orrin aliitwa kama mwenye nyumba. Aliapa. Wakili wa serikali alikuwa mwanamke kijana, sauti yake ya adabu.

"Bwana Fifield, unamjua ndugu yako kuliko sote humu."

"Ndiyo."

"Umeishi naye majira yote ya baridi. Unaamini amebadilika?"

"Amebadilika. Anasema kweli. Zamani hakusema."

"Una mjukuu. Ana umri gani?"

"Tisa."

"Jaji akikubali, ndugu yako atarudi kwako leo. Naomba nikuulize jambo dogo. Ungemwacha mjukuu wako naye kibandani, dakika kumi tu, uende nyumbani kuchukua kikombe?"

Wakili wa Lyle alisimama kupinga. Jaji akasema shahidi ajibu.

Orrin aliona jinsi ya kuponyoka. Angeweza kusema kwamba sheria haimruhusu, kwa hiyo swali halina maana. Angeweza kusema mtoto haji tena. Alikuwa amesoma vitabu vya sheria vya kutosha kujua njia hizo. Lakini alikuwa ameweka mkono juu ya Biblia, na katika nyumba aliyokulia mtu hakuapa mara mbili maishani, na alipoapa alimaanisha. Alimfikiria Janelle akimwambia inua uso. Akamtazama Lyle, na Lyle alikuwa akimtazama kwa macho tulivu, yaliyongoja.

"Hapana," alisema Orrin.

"Huwezi kumwacha."

"Siwezi."

Wakili akaketi. Hakuwa na swali jingine. Orrin alitaka kueleza, alifungua kinywa kusema kwamba hakuna hata mtu mmoja katika mji huu ambaye angemwachia mtoto, na kwamba mtu anaweza kuwa amebadilika na bado usimwachie. Lakini jaji alimshukuru, akamwambia anaweza kushuka.

Lyle alirudishwa hospitali ya kando ya mto. Jaji alisema ikiwa hata ndugu anayempenda hamwamini kwa dakika kumi, mahakama haina msingi wa kumwamini zaidi.

Kwenye ukumbi wa nje, askari wawili walimruhusu Orrin asogee. Alimshika mdogo wake mkono juu ya pingu.

"Niliapa, Lyle."

"Najua."

"Ningesemaje?"

"Ungesema hujui, kaka." Lyle hakupandisha sauti. "Hujui nayo ni kweli. Mimi mwenyewe huko kwenye duara nasema hivyo kila wiki: sijui. Hawanipigi kwa hilo." Akavuta mkono wake polepole. "Mwaka ujao usije Jumapili. Wala mwaka huu."

Askari alimpa Orrin mfuko wa karatasi: buti za Lyle, mkanda, kofia ya sufu, vitu visivyoruhusiwa ndani. Orrin aliupokea kwa mikono miwili akatoka nje. Theluji nyepesi ya mwezi wa nne ilikuwa ikinyesha na kuyeyuka papo hapo.

Noreen alikuwa kwenye ngazi, anatafuta funguo.

"Umesikia," Orrin alisema. "Nimesema kweli. Hatarudi. Sasa mtoto anaweza kuja."

Noreen alimtazama kama mtu anayesoma bango lenye herufi ndogo.

"Kwa hiyo ulijua," alisema. "Majira yote ya baridi ulijua hivyo. Na ulimweka chumba cha juu, kinachotazama ua anaochezea Tess, ukaniambia nitatulia."

"Noreen, hakuna kilichotokea."

"Hukumwamini dakika kumi, baba. Mimi ulitaka nimwamini maisha yangu yote."

Akapata funguo, akashuka ngazi. Noreen alihamia na mumewe kusini mwa jimbo majira ya kiangazi yale, na namba ya simu aliyoacha inaita bila kupokelewa. Jumapili ya kwanza Orrin alienda hospitali pamoja na kukatazwa. Alivua mkanda, akanyoosha mikono, na kijana wa getini akarudi kumwambia Lyle amekataa kutoka chumbani. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu alikaa ndani ya gari lake nje ya uzio, akitazama palipokuwa zizi la hospitali, ambapo sasa ni lami na taa ndefu, kisha akawasha gari.

Basi mara ya mwisho kuwaona wote, Lyle, Noreen na Tess, ilikuwa siku ile ya kesi, katika maegesho ya mahakama. Tess alikuwemo ndani ya gari la mama yake, maana shule zilifungwa kwa sababu ya matope, amevaa kofia ya manjano. Gari lilikuwa limeziba njia ya kutokea. Van ya hospitali ilikuja nyuma yake ikapiga honi fupi, na Noreen akalazimika kurudi nyuma, polepole, matairi yakirusha tope, kuipisha. Van ilipita. Lyle alikuwa dirishani, kichwa kimeinama, hakutazama upande wowote. Halafu Noreen akageuza usukani kuelekea barabarani, na Tess akamwona babu yake, akainua mkono, akaupunga. Orrin alikuwa ameukumbatia ule mfuko wa karatasi, chini umelowa na buti zinaanza kuchungulia. Aliuhamishia mkono mmoja, akautegemeza kwa goti, akauinua mkono wa pili. Gari lilikuwa limekwisha kuingia barabarani.